Kupe wa Darasa la Pili

Mwezi uliopita nilimgombeza kijana wa watu bila kosa lolote. Nilikuwa nimeingia duka la pembejeo pale Sumbawanga mjini kumnunulia mbwa wetu dawa, maana masikio yake yalikuwa yamejaa kupe. Yule kijana, kwa heshima zote, shikamoo mama, karibu mama, akafungua kizibo cha chupa ili nione kwamba dawa ni nzito, si ile ya kuchakachuliwa kwa maji. Harufu ikanifikia. Nikasikia sauti yangu inapaa, nikamwambia afunge chupa yake haraka, nani kamtuma kunusisha watu sumu, kwao hawakumfunza adabu? Wateja wakageuka kunitazama. Kijana akafunga kizibo, akasema samahani mama. Nikatoka bila dawa, nikasimama barazani nahema. Hasira ile haikuwa ya kijana yule hata kidogo. Ilikuwa na mwenyewe, na mwenyewe ni mzee anayekula pensheni yake kwa amani na kuamkiwa na kila anayepishana naye njiani.

Jina lake nalijua na sitaliandika. Nitamwita Mwalimu, kama tulivyomwita, ingawa hata hilo ni kumpa cheo ambacho kwangu hakukifanyia kazi.

Wenzangu mliokulia Ufipa mnakumbuka tulivyohamishiwa vijiji vipya. Sisi tuliletwa upande wa njia ya Mpui, nyumba zikapangwa mstari kama wanafunzi, na upepo ukawa unatupiga wote sawasawa kwa sababu hapakuwa na mti wa kuuzuia. Shule waliijenga wazazi wetu kwa mikono yao, tofali wakafyatua, wakachoma, bati zikaja na lori. Chini ya shule, karibu na kijito, kulikuwa na josho la kuogeshea ng'ombe. Baba yangu alikuwa balozi wa nyumba kumi. Hakuwa mtu mbaya, ila ubalozi ulimkaa vibaya, alivaa koti hata akienda kuchunga, na alipenda kuonekana anaelewana na wakubwa. Mama hakuwa na cheo chochote. Kiswahili chake kilikuwa cha kuokoteza sokoni, nyumbani tulisema Kifipa tu.

Mimi nilikuwa mtoto asiyetulia. Nasema hivi kwa sababu ndivyo walivyosema wote, na kweli miguu yangu ilikuwa haijui kukaa. Nikikaliswa kwenye mkeka, mkono ulichomoa majani ya mkeka. Nikinyimwa mkeka, mkono ulichimba sakafu. Mama alikuwa akinituma: nenda kwa mama Skola ukachukue ungo, mwambie kesho tunakwenda kuni, ukirudi pitia kijitoni uone kama ulezi niliolowesha umeanza kuchipua. Nilitoka mbio, tena kwa moyo mweupe, na nikifika kwa mama Skola nilikuwa nimebaki na neno moja tu, kijitoni. Mengine yalikuwa yamedondoka njiani. Nilirudi kuyatafuta kwa mama, naye akasema huyu mtoto ana nini, akanituma upya, safari hii kitu kimoja kimoja. Mama alikuwa wa kwanza kugundua kwamba kitu kimoja kimoja nilikiweza. Hakuwahi kulifanya jambo kubwa. Aliendelea tu kunituma hivyo.

Shuleni hakukuwa na kimoja kimoja. Tulikuwa wengi hadi wengine wanakaa madirishani, maana serikali ilikuwa imesema watoto wote wasome, na wote tulikuja. Mwalimu aliandika ubao mzima, akasema nakilini, akatoka kwenda kuota jua. Nikiinua macho ubaoni nilikamata herufi mbili tatu. Nikiyashusha kwenye daftari nilikuta nimebaki na moja, na yenyewe imegeuka inatazama upande mwingine. Zilikuwa zinatembea. Sina neno jingine la kulieleza jambo hilo, na wataalamu wa siku hizi wenye majina yao marefu nao sijawasikia wakisema vizuri zaidi. Shida kubwa ilikuwa b na d. Fikirieni lugha yetu ilivyonikomoa: imeandikwa baba analima, mimi nasoma dada analima. Wapi nimekosea? Kwetu Ufipa dada halimi? Dada zetu walikuwa wakifukia majani kwenye matuta toka jua halijatoka. Sentensi ilinijia nzima, yenye maana, na fimbo ikashuka. Nikasoma tena, dada analima, maana ndicho nilichokiona. Ikashuka tena.

Kitu kimoja kilinisaidia, nacho kilikuwa mchakamchaka. Asubuhi tulikimbia kijiji kizima tukiimba, na mimi nilikuwa mbele kabisa, nimewaacha hadi wavulana wa darasa la sita. Nikirudi darasani natoka jasho, kwa muda mfupi herufi zilikaa. Kweli kabisa, zilikaa kama kuku waliokula wakashiba. Ningeweza kusoma neno moja, mawili, hata mstari. Halafu mwili ulipoa, zikaanza tena. Siku moja nikamwomba Mwalimu ruhusa nikimbie kidogo uwanjani halafu nirudi kusoma. Darasa likacheka. Mwalimu akanipigisha magoti juu ya kokoto, mikono juu, hadi kengele, akasema dawa ya mtukutu ni kutulizwa. Mtoto anakwambia mwenyewe dawa yake, wewe unampa sumu yake, halafu unaitwa mwalimu.

Basi nikatafuta njia yangu. Skola, mtoto wa jirani yetu, ndiye niliyekaa naye dawati moja. Alisoma vizuri, kwa sauti nyembamba yenye kupanda na kushuka, na masikio yangu hayakuwa na ugonjwa wowote. Alichosoma mara mbili nilikuwa nacho. Kitabu kizima cha darasa la kwanza kilinikaa kichwani kwa sauti ya Skola, na zamu yangu ikifika nilisimama, nikafungua kitabu, nikatazama mahali fulani pale katikati, nikakitoa chote bila kukwama: mbuzi wa Bahati amekula mahindi ya kijiji, Bahati anakimbia, Bahati anamfunga mbuzi. Hivyo ndivyo nilivyovuka darasa la kwanza. Nilidhani ndivyo wote wanavyosoma. Nilidhani wale wanaosogeza kidole kwenye mistari wanafanya madoido.

Nilipokuwa darasa la pili, vitabu vipya havijafika na bado tunasoma kile kile, akaja mkaguzi kutoka wilayani, bwana mmoja mpole mwenye miwani. Mwalimu, kwa kujitapa, akaniinua mimi, kwa kuwa sauti yangu ilifika nyuma ya darasa. Nikasoma mbuzi wa Bahati mwanzo mpaka mwisho. Mkaguzi akanijia, akainama, akatazama kitabu changu. Kilikuwa kimefunguka kwenye picha ya kisima na wanawake wanaoteka maji. Akacheka, hakucheka vibaya, akaweka kidole kwenye neno moja na kuniuliza ni neno gani hili mama. Nikamtazama Skola. Skola akainamisha kichwa. Yule mkaguzi akaandika kitu chake, akampa Mwalimu mkono, akapanda gari. Kama angekaa hata kidogo akaniuliza nimewezaje kubeba kitabu kizima kichwani, huenda mengi yasingetokea. Hakukaa.

Asubuhi iliyofuata, mstarini, Mwalimu alinitoa mbele ya shule nzima.

"Mnamjua kupe?" akauliza.

"Ndiyoooo!"

"Kupe analima?"

"Halimiii!"

"Kupe anapika?"

"Hapikiii!"

"Sasa anaishije?"

"Ananyonyaaa!"

Akaniweka mkono kichwani. "Huyu hapa. Wenzake wanasoma kwa jasho lao, yeye anakaa pembeni anawanyonya maneno, kesho anayatoa mdomoni kana kwamba ya kwake. Amenidhalilisha mbele ya mgeni. Haya, kupe anafanywaje?"

Hilo halikuwemo kwenye nyimbo zetu, watoto wakatazamana. Halafu mvulana mmoja mkubwa akapaza sauti kutoka nyuma, "Anatolewa!" Wakacheka wote, na Mwalimu akacheka.

Mnayakumbuka maneno ya wakati ule. Mnyonyaji, mrija, mvivu, kupe, yalikuwa kwenye redio ya kijiji, kwenye ngonjera, kwenye nyimbo za mchakamchaka, tuliyaimba bila kuyafikiria. Mnyonyaji nilimjua, alikuwa mtu mnene mwenye tai kwenye picha iliyobandikwa ofisi ya kijiji. Lakini kupe kwangu alikuwa kupe, mdudu wa ng'ombe, mwenye tumbo la kijivu lililovimba. Mtu mzima alisema neno la siasa, mtoto akasikia neno la zizini.

Akanitoa kweli. Akasema mpaka siku nitakayosoma ukurasa atakaoufungua yeye, sina nafasi darasani, na kwa kuwa siasa yetu ni ya kujitegemea, nisikae bure. Kutoka siku ile nilifika shuleni na wenzangu, nikakimbia mchakamchaka na wenzangu, kisha wao wakaingia darasani na mimi nikaenda nyumbani kwake. Nilichota maji ya mkewe. Nilitafuta kuni, na mnajua kutafuta kuni Ufipa ni kwenda mbali. Nilipalilia ulezi wake, nikafukuza ndege, nikafagia uwanja. Alikula ugali wa ulezi niliopalilia, akaoga maji niliyobeba kichwani, akatoka kwenda kufundisha wengine ubaya wa unyonyaji. Siku zile sikuliona hilo. Nililiona nikiwa mtu mzima mwenye watoto, napalilia shamba langu mwenyewe, likaniingia ghafla, nikatupa jembe chini na kutukana kwa sauti mpaka jirani akaja kuuliza nimeumwa na nyoka?

Nilichokitaka kilikuwa kimoja tu, kurudi ndani. Msidhani mtoto asiyejua kusoma hapendi shule. Niliipenda. Pipa la maji lilikuwa chini ya dirisha la darasa letu na nililijaza polepole kuliko pipa lolote duniani ili nimsikie Skola akisoma.

Nyumbani sikusema. Nilimwomba mama anitazame kichwani.

"Una chawa?"

"Kupe," nikasema.

Mama akacheka. "Kupe wa nini, umekuwa ndama?" Lakini alinitazama, akapekua nywele zote, nyuma ya masikio, shingoni, akasema hakuna kitu. Nikajua basi wako ndani. Na nikishajua hivyo, kila kitu kikanyooka. Herufi zilikuwa zinaingia machoni salama, halafu kule ndani kulikuwa na wadudu wanazinywa kabla sijazifikia. Ndiyo maana nilibaki na moja moja. Ndiyo maana maneno ya mama yalipotea kabla ya kwa mama Skola. Sijui kama mtanielewa nikisema nilifurahi. Hadi hapo nilikuwa mtoto mbaya, na ubaya hauna dawa. Sasa nilikuwa mtoto mwenye kupe, na dawa ya kupe kila mtu kijijini alijua iko wapi.

Mhudumu wa josho alikuwa Mzee Silvesta, mtu mpole aliyekohoa kwa sababu ya ile dawa. Siku ya kuogesha, niliweka ndoo ya mke wa Mwalimu chini nikasimama kutazama ng'ombe wanavyotumbukia, mmoja baada ya mwingine, wanaogelea macho yamewatoka, wanapanda ngazi za upande wa pili wakichuruzika.

"Shikamoo babu."

"Marahaba mjukuu wangu. Leo huko shule?"

"Nimetumwa maji. Babu, dawa hii inaua kupe wote?"

"Wote."

"Hata waliojificha ndani?"

"Hata wale wa masikioni." Akaniinulia mti wake mrefu wenye panda mwishoni. "Unaona huu? Ng'ombe ni mjanja, anataka kuogelea kichwa kiko juu. Mimi namkandamiza kichwa kizame. Kichwa kisipozama tumefanya kazi bure, kupe wanabaki huko huko."

Nilimshukuru. Nilisubiri ng'ombe wa mwisho apite, Mzee Silvesta akaenda upande wa pili kufunga lango la wanakochuruzikia. Nikavua sweta langu, nikalikunja vizuri, nikaliweka juu ya ndoo. Sikuogopa. Watu niliowasimulia hawaliamini hili. Nilikuwa nawaza kesho, nikiingia darasani, Mwalimu anafungua ukurasa wowote autakao, mimi nasoma kwa kidole kama Skola. Nikaziba pua, nikaruka, na kichwa nikakizamisha mwenyewe, kwa makusudi, kama nilivyoelekezwa.

Baridi ndiyo ya kwanza kuikumbuka. Halafu moto machoni. Halafu ile harufu ikawa ladha, ikaingia mpaka kooni, na chini ya miguu hakukuwa na sakafu. Mzee Silvesta alisikia mshindo, akaja anakimbia, akanitoa kwa ule ule mti wake wa panda, ameuingiza kwenye ukosi wa sare yangu. Alinimwagia maji ya kijitoni huku analia kwa Kifipa, anawaita wafu wake. Walinibeba kwa baiskeli hadi zahanati. Nilitapika, nikatetemeka, macho yakavimba yakafunga, na kwa siku kadhaa nilikuwa nasikia watu wakiniaga bila kuniaga.

Macho yalipofunguka, mama alikuwa amekaa kando ya kitanda, mdogo wangu yuko mgongoni.

"Uliingia kufanya nini mule?"

"Kutoa kupe."

"Kupe gani? Nilikutazama, huna."

"Wa ndani. Wanaokunywa herufi. Mwalimu alisema wanatolewa, ndiyo nirudi darasani."

Mama akaniuliza moja moja, kitu kimoja kimoja kama alivyonizoesha, nani alisema, wapi, ulikuwa unafanya nini asubuhi darasa likiendelea, maji ya nani, kuni za nani. Nilimjibu yote. Hakulia. Alinifunika shuka akatoka nje, na nilimsikia akizunguka zahanati kwa miguu, akizunguka, akizunguka, hadi mganga akamwambia mama tulia basi.

Jioni ya siku niliyorudi nyumbani, Mwalimu alikuja. Alileta sukari. Nilikuwa nimelala chumbani nikamsikia akizungumza na baba kwa sauti ya chini.

"Balozi, mambo haya yakifika wilayani yatachafua kijiji. Mtoto ni mtukutu, kila mtu anajua. Alikuwa anacheza."

"Watoto wanacheza," baba akasema.

"Anacheza, akateleza. Hivyo tu."

"Hivyo tu, Mwalimu. Tunakushukuru kwa sukari."

Hivyo tu. Baba yangu mzazi aliniuza kwa kikombe cha chai na kuitwa balozi. Na hadithi hiyo ndiyo iliyobaki. Hadi leo nikipita kule kuna wazee wanacheka, wewe ndiye yule mtundu uliyekwenda kuogelea kwenye josho! Nacheka nao, kwa sababu ya umri wao. Moyoni nawatukana.

Mama hakubishana na baba. Alisubiri nipone, na hapa inabidi niseme jambo juu yake. Siku za kisomo cha watu wazima, mama alikuwa anaumwa kichwa. Mimi nilidhani ni ugonjwa wenye ratiba, kama homa. Wanawake wenzake walikwenda na vibao vyao, yeye alijifunga kitambaa kichwani akalala. Utotoni alipelekwa shule ya misheni, akarudishwa baada ya muda mfupi na maneno kwamba kichwa chake ni kigumu, na wazazi wake wakayapokea kama taarifa ya hali ya hewa. Tangu hapo hakugusa kitabu.

Asubuhi moja, tumemaliza mchakamchaka, akanishika mkono akaingia nami darasani. Mtoto mgongoni, miguu ina umande.

"Mama, kuna nini leo?" Mwalimu akauliza.

"Mwalimu, habari za asubuhi. Nimekuja kusoma."

"Kisomo cha watu wazima ni mchana, mama."

"Mchana ninalima. Naambiwa pale ukutani mmeandika kila mtu asome, mkubwa na mdogo. Mimi ni mkubwa. Nimekuja." Akanisogeza mbele. "Huyu ananisindikiza."

Watoto wakaguna. Mwalimu akatazama mlangoni, nadhani alikuwa anamtafuta baba. Kumfukuza mtu mzima aliyekuja mwenyewe kusoma, wakati kijiji chetu kilikuwa kinasutwa kila mkutano kwa wasiojua kusoma, hilo lingekuwa kesi, naye alijua. Akatuonyesha dawati la nyuma. Mama akakaa, magoti yamemfika kidevuni, na mimi ubavuni pake. Nilikuwa nimerudi ndani. Mke wa Mwalimu siku ile alichota maji yake mwenyewe.

Tulikuja hivyo kila asubuhi. Baba alinuna, akala chakula chake kimya. Mwalimu alifundisha kana kwamba dawati letu ni tupu. Mama alitazama ubao bila kupepesa, midomo imekaza. Kisha siku moja akaniinamia sikioni akanong'ona kwa Kifipa.

"Zile za ubaoni, kwako zinatulia?"

"Hazitulii, mama. Zinatembea."

Mkono wake chini ya dawati ulikuwa unachomoa uzi wa kanga, unauvuta, unauzungusha kidoleni. Nilikuwa sijawahi kuuona mkono ule kwa macho hayo.

"Nilidhani ni mimi peke yangu," akasema.

Mwanamke mzima! Amezaa, amezika, amelima milima na mabonde, na miaka yote hiyo amekaa na jambo hilo peke yake kwa sababu hakuna hata mmoja aliyemuuliza. Wamisheni hawakumuuliza. Watu wa kisomo walimwandika mgonjwa. Mnaponiambia ya kale yamepita, niyaache, mjue mnaniambia nimwache yeye pale pale.

Mwalimu alituona tunanong'ona, na nadhani alikuwa amechoka kujifanya hatuoni. Akaja na kitabu, akakifungua mwenyewe, akakiweka mbele ya mama.

"Haya, mwanafunzi wetu mkubwa. Simama utusomee."

Mama akasimama. Darasa zima likageuka. Kulikuwa na watoto wa dada zake mle, watoto waliokula kwake. Akakishika kitabu kwa mikono miwili. Picha niliiona, ilikuwa ya kisima, nami maneno ya kisima nilikuwa nayo yote kwa sauti ya Skola. Nikaanza kumpa chini chini, wanawake wanateka maji, wanawake wanateka...

"Nyamaza," mama akasema, bila ukali. Akakiweka kitabu juu ya dawati. Kiswahili chake kilikuwa kidogo, akakitoa chote.

"Mwalimu, mimi sijui. Na huyu hajui. Ndiyo maana tumekuja. Tufundishe."

Hakuna aliyecheka. Mwalimu alikuwa na fimbo kwapani, mtu mzima amesimama mbele yake hakai, na watoto wote wanamtazama yeye, si mama. Akaenda ubaoni. Akafuta maandishi yote ya asubuhi ile, akaandika a, moja, kubwa, peke yake katikati ya ubao mtupu, akageuka.

Mama akaitazama. Mimi nikaitazama. Mdogo wangu akalia kidogo mgongoni akanyamaza. Muda ukaenda, muda ambao siku nyingine zote fimbo ingekuwa imeshashuka na kupanda tena. Mwalimu alisimama pale na chaki yake, asiseme neno, akasubiri. Hakusubiri kwa huruma, alisubiri kwa sababu mama yangu alimtia woga, nami ndiyo maana mpaka leo sijamsamehe. Kumbe siku zote aliweza.